Nimeambiwa ni fibroadenoma: nikatwe au niache?

Swali: "Shikamoo daktari. Nina miaka 24, naishi Kibaigwa, nauza nafaka sokoni pamoja na mama. Mwezi wa tano nikiwa naoga niligusa kitu kigumu kama gololi kwenye titi la kushoto, juu, upande wa kwapa. Hakiumi. Nikikibonyeza kinakimbia. Mwezi wa sita nilienda Dodoma mjini nikapigwa ultrasaundi, wakaniambia ni fibroadenoma, nirudi baada ya miezi 6. Tangu hapo nyumbani hakukaliki. Shangazi anasema nikatwe haraka kabla hakijageuka kansa, maana mama yangu mkubwa alifariki kwa kansa ya titi akiwa na miaka 60 na kitu. Dada yangu anasema nisithubutu, kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Kuna mama sokoni kanipa dawa ya kupaka. Mwezi wa kumi na mbili naolewa. Nikatwe au niache? Nitaweza kunyonyesha? Picha ya majibu nimekutumia."

Jibu: Marahaba binti yangu, na hongera kwa ndoa inayokuja. Kabla ya yote, hiyo dawa ya kupaka iweke kando leo hii. Sababu nitakueleza mbele.

Karatasi yako nimeisoma. Nimeikuza kwenye simu nikaipitia mstari kwa mstari, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu lako imo humo, na kwa jinsi ulivyoandika naona hakuna aliyekaa nawe akakusomea. Wanawake wengi wa huku kwetu hutoka chumba cha picha na bahasha, neno moja gumu la kidaktari na tarehe ya kurudi, basi. Usiku unaofuata hawalali. Tuisome pamoja.

Imeandikwa titi la kushoto, saa 2, sentimita 4 kutoka kwenye chuchu. Saa hiyo haina uhusiano na muda uliopimwa. Titi tunalichukulia kama uso wa saa ya ukutani, chuchu ikiwa katikati. Kwa titi la kushoto, saa 3, yaani palipoandikwa namba 3 kwenye uso wa saa, iko upande wa kwapa, kwa hiyo saa 2 ni juu kidogo ya hapo, ndipo hasa ulipogusa wewe. Usilione jambo hili dogo. Maana yake ni kwamba ulichokishika kwa vidole na kilichoonekana kwenye picha ni kitu kimoja. Niliwahi kumpokea mama mwenye majibu ya kifuko cha maji kwenye saa 9, wakati uvimbe uliomleta hospitali ulikuwa saa 12. Kifuko kilikuwepo kweli na hakikuwa na neno. Uvimbe wenyewe haukuwa umepigwa picha kabisa. Tangu siku hiyo kila mgonjwa namwambia: ukilala kwenye kitanda cha ultrasaundi, shika mkono wa mpimaji umwonyeshe kwa kidole chako, "ni hapa".

Ukubwa ni sentimita 2.1 kwa 1.3, kama punje nono ya zabibu za hapa kwetu. Upana umezidi kimo, na hiyo ni dalili njema. Uvimbe usio na ubaya hukua ukifuata tabaka za nyama ya titi na kulala nazo kama mtu aliyejinyoosha kwenye mkeka. Saratani mara nyingi hukata tabaka na kusimama wima. Kisha mpimaji ameandika kwamba kingo ni nyororo na zinaonekana vizuri pande zote, na kwamba tezi za kwapani hazijavimba. Mwishoni ameweka BI-RADS 3. Nadhani mstari huu ndio uliowatisha nyumbani, maana mtu akiona namba karibu na neno titi anadhani ni hatua ya kansa. Sivyo. Hizo ni daraja za kuisoma picha, kuanzia 0 hadi 6. Daraja la 2 ni kitu kisicho na madhara. La 3 ni kitu kinachoonekana hakina madhara, na uwezekano wa kuwa saratani hauzidi 2 katika 100. Kwa msichana wa miaka 24 mwenye picha safi kama yako, hushuka chini zaidi ya hapo. La 4 na la 5 ndizo tunazosema kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, lazima kichukuliwe kikapimwe.

Sasa fibroadenoma yenyewe ni nini? Ndani ya titi kuna vijumba vidogo vidogo vya kutengenezea maziwa, na nyama ya kuvishikilia. Wakati mwingine kijumba kimoja pamoja na nyama yake huitikia homoni ya estrojeni kupita wenzake, kikakua na kujiviringa kama kidonge. Ndio uvimbe tunaoukuta zaidi kwa wasichana na wanawake wa miaka 15 hadi 35. Umejitenga na nyama inayouzunguka, ndiyo maana ukiubonyeza unateleza. "Kinakimbia" ni neno lako mwenyewe, na mwanafunzi wangu wa udaktari akilitumia mbele yangu nampa alama. Hukuusababisha wewe. Noti unazofutika kwenye sidiria ukiwa sokoni, simu, mlenda, vyote hivyo havihusiki.

Je, utageuka kansa? Fibroadenoma ya kawaida haigeuki, na kuwa nayo hakukuongezei hatari ya maana. Zipo chache ambazo maabara huzikuta na mabadiliko ya ziada ndani yake, na hizo huongeza hatari kidogo baadaye maishani. Kuhusu mama yako mkubwa, Mungu amrehemu: ndugu mmoja wa upande wa mama aliyeugua akiwa na miaka 60 na zaidi hakubadilishi sana hesabu yako. Ingekuwa mama yako mzazi au dada yako, au ndugu wawili watatu, au mmoja aliyeugua kabla ya miaka 50, ningekuwa na maswali mengine. Ulizia na upande wa baba pia. Watu husahau kwamba urithi huo hupitia hata kwa baba.

Hapo nimekutuliza, na nilichosema nakisimamia. Lakini uliandika "hakiumi" kana kwamba kutouma kwenyewe ni salama, na hapo siwezi kukuacha. Saratani ya titi inapoanza kwa kawaida haiumi. Ni ya pili kwa wingi kwa wanawake wa Tanzania, baada ya ile ya mlango wa kizazi, na wengi wanatufikia ikiwa imeshaenda mbali kwa sababu ya hilo hilo neno: haliumi, nitaenda nikimaliza kuvuna. Uvimbe wako sina wasiwasi nao kwa sababu ulishikwa na daktari na ukaonekana kwenye picha. Kutouma kwake hakumo kwenye hesabu yangu.

Kuutambua uvimbe wa titi ni kama kuinjika sufuria, panahitajika mafiga matatu. La kwanza ni mkono wa daktari: ashike matiti yote mawili na kwapa zote mbili, ukiwa umekaa na ukiwa umelala. La pili ni picha: ultrasaundi kwa wasichana, na mamogramu, yaani eksirei ya titi, ikiongezwa kuanzia kwenye miaka 40. Kwa umri wako mamogramu haisaidii sana, titi bado limejaa nyama inayotoka nyeupe kwenye picha, na uvimbe nao hutoka mweupe. La tatu ni sindano ya kuchukua kinyama. Mafiga yote matatu yakikubaliana, uvimbe una jina. Moja likipingana na mengine, tunarudi mwanzo.

Wewe una mawili. Kwa mwanamke wa chini ya miaka 25 mwenye dalili kama zako, madaktari wengi huishia hapo na kumpangia tarehe ya kurudia picha, na aliyekuhudumia hajakosea. Ila mimi, kwa hali yako, ningeongeza la tatu sasa, kabla ya harusi. Unaolewa Desemba, na huenda mwakani ukabeba mimba. Mimba huongeza homoni, na fibroadenoma inaweza kukua wakati huo. Titi lenyewe nalo linavimba na kujaa, kushika uvimbe kunakuwa kugumu na picha inasomeka kwa shida. Uvimbe uliokwisha kupata jina ukikua katika mimba, tunaufuatilia kwa utulivu. Usio na jina ukikua, utakuwa na mimba ya miezi mitano na wasiwasi wa kansa kwa pamoja, na hayo sikutakii.

Sindano yenyewe iko hivi. Unalala chali, mkono umeuweka juu ya kichwa. Unachomwa ganzi, inawasha kidogo kama kung'atwa na siafu, kisha panakufa. Daktari anaingiza sindano nene kidogo akiitazama kwenye ultrasaundi, inalia "ta!" kama mashine ya kubana karatasi. Usiruke, mlio ni mkubwa kuliko jambo lenyewe. Anarudia mara tatu au nne. Vinatoka vipande vyembamba kama tambi, vinatumbukizwa kwenye chupa ya fomalini, dawa ya kuvihifadhi visioze. Unabanwa pamba dakika kumi hivi, unaenda nyumbani. Titi litakuwa na alama ya bluu siku chache. Ipo na sindano nyembamba ya kunyonya chembechembe, ni ya haraka zaidi, lakini kwa uvimbe mgumu kama huu majibu yake hayatoshi kila mara. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua ya kinyama.

Ukikabidhiwa chupa uipeleke mwenyewe maabara ya patholojia, kama inavyotokea mara nyingi, itazame kabla hujaondoka. Jina lako, umri, titi la upande gani na tarehe viwe vimeandikwa kwenye mwili wa chupa. Vikiandikwa kwenye kifuniko, siku vifuniko viwili vikibadilishana mezani, majibu yako atayapata mwingine. Na kinyama kiwe kimezama kabisa kwenye dawa. Usikubali kifungwe kwenye glovu wala kiwekwe kwenye maji ya chumvi, kitafika kimeoza.

Nang'ang'ania jambo hili kwa sababu ya mama mmoja wa miaka 38 ambaye simsahau. Alitolewa uvimbe mahali fulani, akaambiwa "yalikuwa mafuta tu", uvimbe ukatupwa. Hakuna aliyeupeleka maabara. Baada ya mwaka mmoja na nusu alikuja kwangu, palepale penye kovu pana kitu kikubwa kuliko chungwa, ngozi imekaza hadi inang'aa. Ilikuwa filodesi. Huu ni uvimbe unaofanana sana na fibroadenoma, kwa mkono na kwa picha, ila hukua haraka, na lazima utolewe pamoja na mzunguko wa nyama nzima kuuzunguka, la sivyo hurudi. Tulimfanyia tena, safari hii titi likapungua vibaya. Anaendelea vizuri. Lakini kama ule wa kwanza ungesomwa, angepata kovu dogo badala ya aliyonayo. Kwa hiyo yeyote atakayekukata, leo au miaka 10 ijayo, mwambie kabla hujalala mezani: naomba kinachotolewa kipimwe, na nipewe majibu kwa maandishi.

Dada yako namwelewa. Hofu ya kisu haikuanguka toka angani. Watu wameona jirani aliyekuwa akitembea mwenyewe akapelekwa hospitali, akakatwa, akazikwa baada ya miezi. Walichokiona ni kweli, ila hawakuona kwamba saratani ilikuwa imeshafika kwenye mapafu au ini kabla ya kisu. Kukata hakusambazi kansa, na sindano haigeuzi uvimbe mwema kuwa mbaya. Mwambie hivyo kwa upole.

Sasa swali lako lenyewe. Kinyama kikirudi na jina la fibroadenoma, mimi nisingekukata kwa sasa. Huhitaji dawa yoyote. Nyingine hubaki vilevile miaka mingi, nyingine husinyaa zenyewe, hasa hedhi inapokoma. Ningebadili mawazo kama ukubwa ungeongezeka kwa zaidi ya asilimia 20 ndani ya miezi 6, au ukifika sentimita 3 na bado unakua, au ukianza kuuma, au ukibadili umbo la titi, au maabara ikitaka uvimbe mzima ili iseme kwa uhakika. Na kuna sababu moja ambayo wenzangu wengine huidharau, mimi siidharau: kama baada ya kuelezwa yote bado hulali, una haki ya kuomba utolewe. Operesheni ni ndogo, kwa ganzi au nusu kaputi, na mara nyingi unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ujue tu kwamba inaacha kovu, na kwamba kuutoa huu hakuzuii mwingine kuota pembeni. Wapo wenye fibroadenoma tatu au nne, na tukikata kila moja, titi litabaki na mashimo.

Kunyonyesha utanyonyesha. Uvimbe haugusi maziwa wala haumdhuru mtoto. Ukija kukatwa siku moja, mkumbushe daktari kwamba bado unataka watoto, kwa sababu mkato wa kuzunguka chuchu huacha kovu zuri lakini unaweza kugusa mirija ya maziwa. Hata hapo wengi hunyonyesha bila shida.

Nirudi kwenye dawa ya kupaka, na nikuombe pia usikubali kuchanjwa kwa wembe. Nilimpokea msichana wa rika lako aliyepaka mizizi wiki tatu. Ngozi ya titi ilibabuka, pakatoka kidonda, tezi za kwapani zikavimba kwa ajili ya kidonda hicho. Kwenye picha ilionekana kama saratani iliyosambaa. Ilitubidi tumtibu ngozi kwanza, tuchome sindano na kwapani, na wazazi wake wakakaa zaidi ya mwezi wakiamini mtoto anakufa. Chini ya kidonda kulikuwa na fibroadenoma kama yako. Mama wa sokoni alikupa kwa upendo, mshukuru, usipake.

Kwa wasomaji wengine wenye uvimbe tofauti, kwa kifupi tu. Matiti yanayojaa vinundu na kuuma siku za kuelekea hedhi kisha yanatulia ni mwendo wa homoni, sidiria inayobana vizuri na dawa ya kawaida ya maumivu husaidia. Vifuko vya maji huja zaidi kati ya miaka 35 na 50, vikiuma hunyonywa kwa sindano, na maji yakiwa na damu hupelekwa maabara. Anayenyonyesha akapata uvimbe wa moto wenye homa asiache kunyonyesha, awahi kituo cha afya, huenda ni jipu linaloanza. Bali asiyenyonyesha ambaye titi lake limekuwa jekundu na halikupoa kwa dawa ya wiki moja au mbili asiongezewe dozi ya pili na ya tatu, apigwe picha. Na anayeona ngozi imekuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa nje imeingia ndani, damu inatoka yenyewe kwenye chuchu moja, kidonda cha chuchu kisichopona, au uvimbe mgumu usiosogea, huyo asisubiri miezi 6. Aende wiki hii, awe mwanamke au mwanamume.

Sasa mpango wako, binti yangu. Pita Hospitali ya Wilaya ya Kongwa uombe rufaa, au nenda moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, pale Jenerali, au Benjamin Mkapa. Uliza kliniki ya upasuaji ni siku gani, na kabla ya kulipa chochote uliza gharama ya sindano na gharama ya maabara kila moja peke yake, kwa sababu ya pili huwa inasahaulika hadi dirishani. Nenda siku chache baada ya hedhi, kati ya siku ya 7 na ya 10 tangu ilipoanza, titi likiwa limelegea. Chukua karatasi ya Juni na picha zake, usiziache nyumbani.

Halafu kuna ile tarehe ya Desemba. Miezi 6 yako inaangukia kwenye mwezi wa harusi, na mwezi huo kuna vikao, kitchen party na wageni, najua itasahaulika. Rudia picha wiki ya mwisho ya Novemba, tofauti ya wiki mbili haiharibu kitu. Mwambie mpimaji ailinganishe na ya Juni na aandike vipimo vyote viwili kwenye karatasi moja. Ikiwa haujakua, utarudi tena Juni mwakani, kisha mwaka mmoja baada ya hapo, na ukitulia muda wote huo tunaacha kukuita. Ukishika mimba katikati, mwambie mkunga wa kliniki ya wajawazito siku ya kwanza kabisa, aandike kwenye kadi.

Shangazi yako usibishane naye nyumbani. Siku ya kwenda kliniki mchukue muende wote, aingie na chumbani, amuulize daktari mwenyewe. Akitoka pale na majibu aliyoyasikia kwa masikio yake, yeye ndiye atakayewatuliza wengine.